Hisa ya bei ndogo si lazima iwe rahisi

Wengi wanaoanza kununua hisa huamini kwamba hisa ya shilingi 20 ni rahisi kuliko ya shilingi 400, na kwamba ina nafasi kubwa zaidi ya kupanda. Wazo hilo linaeleweka. Sokoni ndivyo tunavyolinganisha nyanya.

Lakini hisa ni kipande cha kampuni, na kila kampuni hujikata vipande kwa idadi yake. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya kwanza ina hisa milioni 1,000 za shilingi 20: soko linaithamini kwa shilingi bilioni 20. Ya pili ina hisa milioni 10 za shilingi 400: bilioni 4 tu. Tuseme kila moja imepata faida ya milioni 500 kwa mwaka. Faida kwa kila hisa ni senti 50 kwa ya kwanza, shilingi 50 kwa ya pili. Mnunuzi wa hisa ya shilingi 20 analipa mara 40 ya faida hiyo. Wa shilingi 400, mara 8. Hapo ndipo urahisi unapoonekana, ingawa faida ya mwaka mmoja haitoshi kuamua.

Kuhakikisha hakuhitaji utaalamu. Fungua ripoti ya mwaka ya kampuni, tafuta mstari wa “faida kwa kila hisa” kwenye taarifa ya mapato, kisha gawanya bei ya hisa kwa namba hiyo. Rudia kwa miaka mitatu au minne iliyopita.