Jicho halipigi picha

Mara ya kwanza nilipowasha kamera ya matukio, aina ya kamera inayoripoti mabadiliko ya mwanga tu, skrini ilibaki karibu nyeusi tupu, vinukta viwili vitatu tu vikimetameta. Nikadhani kebo imelegea. Nilipopeleka mkono kuishika, vidole vyangu vikachomoza kwenye skrini, kingo zake zimechorwa kwa nukta. Nikatulia, vikafutika.

Siku hiyo nililielewa jicho kuliko miaka yote ya shule, tulikofundishwa kwamba jicho ni kamera. Siyo. Retina, utando ulio nyuma ya jicho, ina seli zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga, lakini neva inayotoka jichoni kwenda ubongoni ina nyuzi zipatazo milioni 1 tu. Kwa hiyo habari huchujwa mlemle jichoni, na kinachotangulizwa ni badiliko: hapa mwanga umezidi, pale umepungua, kile kimesogea.

Kamera ya simu hufanya kinyume. Mara 30 kwa sekunde husoma kila pikseli, yaani kila kinukta kinachopokea mwanga, hata ikiwa inatazama ukuta mtupu, na kitu cha kasi kikipita katikati ya fremu mbili, ndiyo kimepita hivyo. Kwenye kamera ya matukio kila pikseli inajitegemea. Inakumbuka mwanga iliouripoti mara ya mwisho, na inalinganisha kwa uwiano, si kwa kiasi. Ndiyo maana inaona vizuri pembeni ya jua kali na gizani pia. Mwanga ukipanda au kushuka kupita kiwango kilichowekwa, pikseli hutuma ujumbe mfupi: niko hapa, wakati huu, mwanga umepanda. Basi.

Chimbuko la kamera hii ni Misha Mahowald, aliyesomea biolojia katika chuo cha Caltech, Marekani, kisha akafanya kazi na mhandisi Carver Mead kuunda retina ya silikoni, yaani chipu inayoiga retina ya jicho. Alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka 33, na huniuma kwamba hakuona kazi yake ilikofika. Mwaka 2008, Patrick Lichtsteiner, Christoph Posch na Tobi Delbruck walichapisha maelezo ya kihisi cha mwanga cha aina hii, chenye pikseli 128 kwa 128, kinachojibu badiliko ndani ya mikrosekunde 15, yaani sehemu 15 za milioni za sekunde.

Shida iliyobaki ni ileile ya siku yangu ya kwanza: kitu kikitulia na kamera ikitulia, hakionekani. Hata jicho lina shida hiyo. Weka nukta katikati ya karatasi na doa hafifu pembeni, kisha kaza macho kwenye nukta bila kuyachezesha. Baada ya muda doa litafifia. Kinachotunusuru ni kwamba macho hayatulii kabisa. Hata tukidhani tumeyakaza, hutetemeka kidogokidogo, na retina ikapata la kuripoti.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliiga mtetemo huo. Waliweka kioo chenye umbo la kabari mbele ya lenzi ya kamera ya matukio, wakakizungusha ili taswira isitulie kamwe. Kingo zilizokuwa zikipotea zikarudi.