Maumivu ya mnenguaji huanzia kwenye mkataba

Mwaka jana alikuja kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia dada mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Dubai, alikokuwa akicheza shoo hotelini kwa miezi mitano. Alitembea vizuri tu. "Dokta, ni uchovu, mguu unavuta kidogo," akaniambia. Nikamwomba avue viatu, nikawa napitisha kidole gumba juu ya wayo, mfupa mmoja baada ya mwingine. Nilipogusa mfupa mrefu unaoelekea kidole cha pili, aliruka pale kitandani kama aliyechomwa sindano.

"Pole, mdogo wangu. Hapa pameanza kuuma lini?"

Akahesabu kwa vidole. Wiki ya saba tangu afike kule. Maana yake alikuwa amechezea mguu huo zaidi ya miezi mitatu.

Ule ni ufa wa uchovu. Mfupa haukuvunjika kwa kuanguka. Umepigwa kidogo kidogo kila usiku mpaka ukachoka kujijenga upya. Mfupa wa binadamu hujitengeneza wakati wa kupumzika, na ukikosa mapumziko, nyufa ndogo huungana zikawa moja kubwa. Wengi hawajui kwamba eksirei ya wiki mbili au tatu za mwanzo inaweza kutoka safi kabisa. Dansa anapigwa picha, anaambiwa mguu hauna kitu, anarudi jukwaani na dawa za kutuliza maumivu. Kwa hiyo nawaomba vijana wote wanaokwenda kucheza nje washike dalili hizi: maumivu ya mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, yanayozidi unaporuka, na baadaye yanayouma hata ukiwa umelala. Ukiyapata, acha kuruka hata kama picha imetoka safi, na uombe upimwe tena. Ufa wa mfupa wa kidole cha pili ukiwahiwa mara nyingi hupona kwa wiki sita hadi nane bila kukatwa. Ule wa upande wa nje, chini ya kidole kidogo, ni mkaidi zaidi na wakati mwingine huishia kwa upasuaji.

Yule dada alinionyesha video ya shoo kwenye simu yake. Mimi nilitazama sakafu. Marumaru, na bila shaka zege chini yake. Mnenguaji akiruka na kutua, mguu hupokea uzito mara kadhaa ya ule wa mwili wake. Sakafu ya mbao iliyoachiwa nafasi chini hunepa ikamsaidia kubeba mzigo huo. Marumaru hainepi, kwa hiyo mzigo wote unarudi kwenye muundi, goti na kiuno. Ongeza viatu vya mchuchumio vinavyosukuma uzito wote mbele ya wayo, na ukumbi wenye kiyoyozi kikali ambako wasanii hukaa dakika arobaini wakisubiri zamu yao, misuli ikipoa, kisha wanaitwa wapande kwa kasi.

Nikamuuliza habari ya chakula, na hedhi pia. Hedhi ilikuwa imekatika mwezi wa tatu tangu afike kule. Yeye alidhani ni hali ya hewa, na wenzake wakamwambia ni bahati. Hapana. Mwanamke anayefanya kazi nzito na kula kidogo, mwili wake huanza kubana matumizi, na hedhi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kusimamishwa. Homoni inayopungua hedhi ikikatika ndiyo hiyo hiyo inayolinda mifupa. Alikuwa akila mlo mmoja wa maana kwa siku, kwa sababu mkataba wake ulitaja kilo asizotakiwa kuzidi, na kwa sababu sehemu kubwa ya mshahara ilikwenda nyumbani kulipa ada ya wadogo zake wawili. Simlaumu hata kidogo. Lakini familia zinazopokea pesa hizi zijue zinatoka wapi, na siku moja moja zipige simu kuuliza amekula nini.

Kwa nini hakusema mapema? Hapo ndipo nilipomwomba anipe mkataba. Kurasa nne. Umetaja rangi ya nywele, urefu wa kucha, kilo, na faini ya kuchelewa mazoezi. Neno kuumia halimo. Aliogopa kwamba akisema, atarudishwa nyumbani bila kitu, na mwenzake mmoja alikuwa ameshafanyiwa hivyo.

Mimi ni mtu wa viungo, si mwanasheria, lakini kazi hii imenilazimisha kusoma. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, nchi ilipo Dubai, ya mwaka 2021 inampa mfanyakazi hadi siku 90 za ugonjwa kwa mwaka: 15 za mwanzo kwa mshahara kamili, 30 kwa nusu, zilizobaki bila malipo. Anatakiwa amjulishe mwajiri ndani ya siku tatu za kazi na kumpelekea cheti cha daktari. Lakini malipo hayo hayapo katika kipindi cha majaribio, na majaribio yanaweza kufika miezi sita. Mikataba mingi ya madansa ninayoletewa ni ya miezi mitatu hadi sita. Yaani mtu anaweza kumaliza kazi yote akiwa bado yuko kwenye majaribio.

Kuumia kazini ni jambo jingine. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri agharamie matibabu na kumlipa majeruhi mshahara kamili muda wote wa matibabu hadi miezi sita, kisha nusu kwa miezi sita mingine kama hajapona. Ndiyo maana nasisitiza mpaka nachosha: ukifika kwa daktari kule usiseme tu "mguu unauma". Eleza kwamba uliumia ukicheza, jukwaa lipi, tarehe ngapi, na uhakikishe limeandikwa. Piga picha karatasi hiyo, umtumie mtu wa nyumbani siku ile ile.

Haya yote yanamsaidia aliyeingia kwa kibali cha kazi. Aliyeingia kwa viza ya matembezi anafanya kazi kinyume cha sheria za nchi ile, na akiumia hana pa kushika. Pasipoti nayo, mwajiri haruhusiwi kukunyang'anya. Ulizeni pia habari ya Ramadhani, kwa kuwa kumbi nyingi za Ghuba husimamisha au hupunguza muziki wa jukwaani mwezi huo, na nimeshaona wasanii waliokaa siku thelathini chumbani bila senti. Kabla ya kusaini, mkataba upelekwe kwenye ofisi ya serikali ya huduma za ajira au BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kwa sisi wa Tanzania. Kenya kuna Mamlaka ya Taifa ya Ajira, yenye orodha ya mawakala waliosajiliwa.

Yule dada ameshaitwa tena, safari hii Doha. Mkataba mpya tuliusoma pamoja pale pale kwenye kitanda cha mazoezi, akiwa ameweka mguu juu ya mto. Akamwandikia wakala maswali matatu: ni kibali cha aina gani, nikiumia nani analipa, na sakafu ni ya nini. Majibu ya mawili yamekuja. La sakafu bado.

Sisi huku tunaendelea. Kabla sijamruhusu kuruka nataka ainue kisigino mara 25 kwa mguu mmoja, bila kushika ukuta na bila maumivu. Kushoto amefika. Kulia, Jumanne iliyopita, aliishia 19.