Kikohozi cha wiki mbili na kipimo cha nanopoo: maswali ninayoulizwa kliniki

Nahudumia wagonjwa wa kifua kikuu. Siku hizi wengi wamesikia habari za kipimo kipya kinachosoma vinasaba vya vimelea, nao wananiuliza. Nitawajibu, ila kuna jambo moja nitalirudia mpaka lieleweke.

Nanopoo ni nini?

Ni kitundu chenye upana wa nanomita moja hivi. Milimita moja ina nanomita milioni. Umeme mdogo hupita ndani yake. Uzi wa DNA, yaani wa vinasaba, ukipenya, herufi zake, yaani A, C, G na T, huubadilisha umeme huo kila moja kwa namna yake, na kompyuta huyasoma mabadiliko hayo. Kuna mashine ya aina hii, MinION, inayoenea kiganjani. Mwaka 2015 watafiti waliisafirisha kwenye mizigo ya kawaida ya ndege hadi Guinea, wakasoma vinasaba vya virusi vya Ebola.

Kwenye TB inasaidia nini?

Inatuonyesha dawa zipi hazitakufaa. Bakteria wa TB ana herufi zipatazo milioni 4.4. Herufi moja tu ikibadilika mahali pabaya kwenye jeni ya rpoB, rifampisini, dawa kuu ya TB, haimuui tena. Kumwotesha maabara ili kumjaribu kwa dawa huchukua wiki nyingi. Kumsoma moja kwa moja kutoka kwenye kohozi ni suala la siku. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kipimo cha nanopoo kwa wagonjwa ambao TB yao imeshathibitishwa, wakiwemo wale ambao TB yao ni sugu kwa rifampisini. GeneXpert, mashine inayotambua TB na usugu wa rifampisini kwenye kohozi, inabaki kipimo cha kuanzia.

Nimekohoa wiki tatu. Si nijaribu kwanza antibayotiki za dukani?

Hapana. Ukikohoa wiki mbili, njoo upimwe kohozi. Kama unaishi na VVU, usingoje hata hizo wiki mbili; njoo leo.

Lakini nilimeza sipro nikapata nafuu.

Nafuu hiyo ndiyo inayoniogopesha. Sipro na levofloksasini ni antibayotiki za ukoo mmoja, na huwapiga bakteria wa TB bila kuwamaliza. Homa inashuka, unarudi kazini, kipimo nacho kinaweza kuwakosa. Wanaobaki ni wale wasioisikia dawa, na hao ndio wanaozaana. Levofloksasini na moksifloksasini, za ukoo huohuo, ni miongoni mwa dawa tunazozitegemea kutibu TB sugu. Unazipoteza kwa kikohozi, kesho tunazihitaji hazifanyi kazi.

Kijana mmoja wa bodaboda alinimwagia mezani mfuko wa karatasi tupu za vidonge: sipro, kapsuli za rangi mbili, azithromaisini. Miezi minne ya kununua. Nyumbani alikuwa analala chumba kimoja na mke na mtoto mchanga.

Na nikimalizia tu chupa ya dawa ya kikohozi kwanza?

Hapana, ndugu yangu. Wala tangawizi na asali, wala sindano ya jirani. Wiki mbili, kohozi. Kupima na kutibiwa TB kwenye vituo vya serikali ni bure, kwa hiyo pesa ya dukani ungeitumia kwa nauli.

Mashine hiyo ya nanopoo ipo zahanati kwetu?

Mara nyingi haipo, na haina haja. Kohozi lako ndilo linalosafiri kwenda maabara kubwa.

Kwa nini mlinirudishia kikopo changu cha kohozi?

Kwa sababu kilikuwa na mate. Mate ni meupe, mepesi, yana povu, na hakuna mashine ya kuyasoma ikapata bakteria wasiokuwemo. Kohozi ni zito, linavutika, linatoka kifuani. Asubuhi kabla ya kula, sukutua kwa maji, simama nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili, kisha kohoa kwa nguvu kutoka chini. Funga kifuniko, kilete siku hiyohiyo. Lisipotoka, njoo hivyohivyo, tutakusaidia kulitoa.