Manusura wa ajali msimlazimishe asimulie

Juzi nimepigiwa simu tena. Basi limepata ajali, wanafunzi wote wamepona, na mwalimu anataka niende kesho yake asubuhi niwaketishe darasani, kila mtoto aeleze alichokiona "ili wasije wakaharibikiwa". Nilikataa, nikaambiwa sina huruma. Naandika kwa sababu nimechoka kulieleza jambo hili simu baada ya simu.

Imani yenyewe tunaijua: kiwewe kisipotolewa mapema kitaozea ndani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na walioieneza zaidi ni sisi wataalamu wa saikolojia. Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell aliandika utaratibu wa kuwakutanisha wazima moto na wahudumu wa magari ya wagonjwa baada ya tukio zito, wakapitia hatua kwa hatua nini kilitokea, waliwaza nini, walihisi nini. Ulikuwa utaratibu wa vikosi vya kazi. Baadaye ukapelekwa kwa majeruhi waliolazwa, mmoja mmoja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Huko Cardiff, mji wa Wales, 1997, Jonathan Bisson na wenzake waliwagawa kwa kura wagonjwa walioungua moto. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliosimulishwa walikuwa na ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, dhidi ya asilimia 9 ya wasiosimulishwa. Msikimbilie kuzinukuu takwimu hizo: waliosimulishwa walikuwa wameumia zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo lawama yote haiwezi kubebeshwa kikao. Unaoninyima usingizi ni utafiti wa Oxford wa Mayou, Ehlers na Hobbs, 2000, uliowafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani kwa miaka 3. Wale waliosumbuliwa mno na picha za ajali siku za mwanzo walipata nafuu wasipofanyiwa kikao. Waliofanyiwa walibaki na dalili zao. Yaani tuliwakwamisha hasa wale tuliowakimbilia!

Tunavyoeleza darasani ni kwamba mwili bado una taharuki, na kusimulia kunaikaza kumbukumbu. Ni maelezo yenye mantiki, lakini majaribio yale yalipima matokeo tu, hayakupima ni kwa njia gani yanatokea.

Sasa msinigeuzie maneno. Sikusema manusura wanyamazishwe. Anayetaka kusema, msikilize hata usiku kucha, usimkatize, usimwambie "sahau yaishe". Ninachokataa ni kumchokonoa asiyetaka. Wodini kila mgeni anayeingia na mfuko wa machungwa anauliza, "Ilikuwaje?" Mgonjwa mwenye mguu ulioning'inizwa anaanza upya: kona, tairi, kelele, aliyekuwa kiti cha mbele. Akifika kwa mgeni wa sita jasho linamtoka, na ndugu wanasifu kwamba anajieleza vizuri. Na asiyesema, wanasema amevurugika. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, huko Marekani, mtafiti Mark Seery na wenzake waliwaalika Wamarekani waandike wanavyojisikia. Waliochagua kutoandika chochote hawakuharibikiwa. Katika miaka 2 iliyofuata, kwa wastani, hali yao ilikuwa bora kuliko ya walioandika.

Kwa hiyo siku za kwanza nauliza mambo madogo. Umekula? Simu yako iko wapi? Nani tumjulishe? Utalala kwa nani leo? Ndiyo huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitolea mwongozo mwaka 2011. Nayo, nikiri, ushahidi wake wa majaribio ni mchache. Tunaifanya kwa sababu ni ya utu na hatuoni inamdhuru nani.

Wengi watapona wenyewe. Mwezi ukipita na mtoto bado anashtuka usingizini, hataki kupanda gari, picha zinamjia mchana, mleteni. Hapo tutaisimulia ajali, kwa ridhaa yake, vikao kadhaa, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Tiba hiyo inafanya kazi.