Ukimpokea mgeni wa volkano, mwonyeshe na mazuku

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ililipuka. Siku tano baadaye ikatoka amri ya kuhamisha mitaa kumi ya Goma, na watu wakashika barabara ya Sake, magodoro kichwani, mizigo juu ya chukudu, baiskeli za mbao za kusukuma. Kuna waliolala makanisani na shuleni, lakini wengi walipokelewa majumbani. Nyumba ya mbao ya vyumba viwili ikalaza familia tatu, na chungu cha bugali kikabadilishwa kwa kikubwa zaidi. Sisi tunaofuatilia mlima tuna vipimo vya mitetemeko. Godoro la kumpa mtu hatuna.

Mwenyeji wa Sake au Mugunga ana kitu kingine cha kumpa mgeni, nacho hakigharimu hata franka moja: kumwonyesha mazuku yalipo.

Neno hili letu, upepo mbaya, wanasayansi wa nje nao wamelichukua jinsi lilivyo. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kupitia nyufa za mawe. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni na mabondeni, zaidi usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo. Haina rangi wala harufu. Mama anaweza kupita wima asihisi kitu, huku mtoto anayemfuata akianguka, maana pua yake iko chini. Ukikuta shimoni ndege au mbuzi amekufa bila jeraha, usiteremke.

Usiteremke hata kama aliyeanguka ni mtu. Najua ni neno gumu. Anayemkimbilia mwenzake shimoni huinama kumbeba, na palepale anaivuta gesi ileile, wanakuwa wawili. Paza sauti, ita watu, mvute kwa kamba au fimbo ndefu ukiwa umesimama juu, penye upepo.

Kwa hiyo mgeni asitandike bashi, yaani turubai, bondeni, hata kama ndipo penye nafasi na majani laini. Mtoto aliyepotezana na wazazi (mwaka ule UNICEF ilihesabu zaidi ya 150) aandikishwe kwa kiongozi wa nyumba kumi siku hiyohiyo. Watoto wa wageni wasitumwe kuni peke yao. Waende na mtoto wa mwenyeji, anayejua kijia kipi hupita juu.