Kwa nini fundi wa bolti ndiye aliyemkabili Seneta McCarthy?

Je, wajua kwamba hoja iliyommaliza Joseph McCarthy, seneta aliyewatia Wamarekani kiwewe cha Wakomunisti tangu 1950 kwa kuwatuhumu watu bila ushahidi, ililetwa na mhandisi mitambo wa miaka 73, tena wa chama chake mwenyewe cha Republican?

Huyo ni Ralph Flanders, aliyezaliwa 1880 Barnet, jimbo la Vermont. Uhandisi hakuusomea chuo kikuu; alianza kama mwanagenzi katika karakana ya Brown & Sharpe mjini Providence, na hatimaye akaongoza kiwanda cha Jones & Lamson. Alijulikana kwa meno ya bolti. Ukikipasha chuma moto na kukipoza ghafla ili kiwe kigumu, hupinda kidogo, na meno yaliyokuwa sawa hayalingani tena na nati. Flanders na nduguye Ernest walitengeneza mashine ya kuyamalizia meno kwa jiwe la kusagia baada ya chuma kukomaa. Kosa la unene wa unywele kwake lilikuwa kosa.

Aliingia Seneti 1946, akakaa miaka 12. Mbona yeye, na si maseneta vijana waliokuwa wakimnong'ona McCarthy kwenye korido? Kwa sehemu ni hesabu tu: alichaguliwa upya 1952, kipindi chake kiliishia 1959, na kwa umri ule hakuwa na kura ya kuogopa. (Tusimsahau Margaret Chase Smith wa Maine, aliyesema mapema zaidi, 1950.) Lakini pia Flanders alikerwa na kazi mbovu, na tuhuma zile zisizo na ushahidi zilikuwa kazi mbovu. Yeye mwenyewe aliupinga Ukomunisti. Machi 9, 1954, alimdhihaki McCarthy mbele ya Seneti: kelele zote zile za vita, na mateka aliyerudi naye ni daktari mmoja wa meno wa jeshi aliyeshukiwa Ukomunisti!

Juni 11 aliingia katika kikao cha kamati ya Seneti kilichokuwa kikirushwa na televisheni, akamkabidhi McCarthy barua mkononi. Julai 30 akaleta hoja ya karipio. Desemba 2 ikapita kwa kura 67 dhidi ya 22, ila ikiwa imepunguzwa: McCarthy alikaripiwa kwa kuzidharau kamati za Seneti, si kwa watu aliowaharibia kazi na majina. Kiti chake alibaki nacho hadi alipofariki 1957.