m-mama: nani analipa nauli ya mama mwenye uchungu?

m-mama ni utaratibu wa usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga mwenye umri usiozidi siku 28. Ukisikia kule Sengerema, mkoani Mwanza, kwamba gari la m-mama limefika, usitarajie king'ora. Linaweza kuwa Probox au Noah ya mtu wa hapo hapo kijijini, ambayo mchana ilikuwa inabeba abiria na dagaa.

Wanaodhani m-mama ni mradi wa kununua ambulansi hukosea. Kiini chake ni simu na malipo. Muuguzi wa zahanati, au ndugu wa mgonjwa, hupiga 115 bila kutozwa. Mratibu aliye kwenye kituo cha mkoa huuliza dalili: damu inatoka? Amepata degedege? Uchungu ulianza lini? Majibu anayaingiza kwenye programu inayomsaidia kupima uzito wa dharura na kuamua mgonjwa apelekwe kituo gani. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko inavyosemwa, maana mama anayehitaji upasuaji akipelekwa kituo kisicho na chumba cha upasuaji, saa zimepotea bure. Kama ambulansi haipo karibu, mratibu humpigia dereva wa jamii, ambaye ameshasajiliwa na kukubaliana na halmashauri kuhusu viwango vya malipo. Anamchukua mama, anamfikisha, mapokezi yanathibitishwa, na fedha inaingia kwenye simu yake.

Malipo hayo ya papo hapo ndiyo yanayomtoa dereva kitandani saa tisa usiku. Zamani alijua kabisa kwamba familia haina kitu, na mafuta ni yake.

Sera ya Tanzania inasema huduma ya uzazi katika vituo vya serikali ni bure. Sawa, ila barabara haikuwa bure. Familia ilisamehewa gharama ya kitandani, kisha ikauza mbuzi ili ipate gari la kufika kwenye hicho kitanda. m-mama imeisogeza huduma isiyolipiwa hadi mlangoni kwa mgonjwa, na kwa maoni yangu hilo ni badiliko kubwa kuliko programu yenyewe, ingawa programu ndiyo inayopigwa picha.

Majaribio yalianzia huku Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuuzindua mfumo huu kitaifa mwaka 2022.

Wataalamu wa uzazi husema akina mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. m-mama inashughulika hasa na huko kwa katikati. Haileti damu kwenye benki ya damu wala daktari wa usingizi. Haimlazimishi mama mkwe akubali kwamba huu uchungu umezidi.

Na ziwa nalo lina lake. Anayetoka Sengerema kwenda hospitali za Bugando au Sekou Toure, Mwanza mjini, sasa anapita daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo, dharura nayo ilisubiri kivuko. Ukerewe ni kisiwa, na njia yake bado ni maji. Dereva wa Nansio, mji wa huko Ukerewe, anaweza kumfikisha mama hospitali ya wilaya kwa haraka, lakini rufaa ya kwenda Mwanza mjini inataka chombo cha majini, na upepo wa usiku hauna mkataba na halmashauri.

Anayepiga 115 ataje kijiji na kitongoji, alama iliyo karibu kama shule au mwalo wa wavuvi, miezi ya ujauzito, na kinachomsumbua mgonjwa kwa wakati huo. Kadi ya kliniki iwekwe tayari, na simu isizimwe, kwa sababu dereva atapiga kuuliza njia.